Fidelia Aliyezikwa kwa Kinanda

"Fidelia, wewe umekufa lini?"

Ezekieli Mwalongo aliuliza hivyo akiwa bado mlangoni mwa kibanda cha ushonaji, kofia ya sufu kichwani, vumbi la viazi mpaka kwenye nyusi. Hakupiga hodi. Hakusema hata kamwene, salamu ya kwao, yeye ambaye kila Jumatano akishusha viazi vyake sokoni Makambako alianza kumsalimia mchumba wake tangu upande wa pili wa barabara, mpaka mafundi wenzake Fidelia wakawa wanamcheka.

Fidelia akatoa mguu kwenye pedali ya cherehani.

"Umesemaje?"

"Nimeuliza umekufa lini. Maana mimi nilituma mshenga kwa mtu aliye hai."

Akaweka simu yake juu ya sare za shule zilizokuwa mezani. Kwenye kioo palikuwa na kaburi jipya la vigae vyeupe. Binti mmoja amepiga magoti pembeni, fulana nyeusi, vidole amevikunja umbo la kopa. Msalabani pamebandikwa picha ya msichana mwenye sweta la kufuma, na chini yake maandishi ya dhahabu: FIDELIA YORAMU MTEWELE, 1984–2005. LALA, MPENZI WA ODI.

Fidelia alilitambua sweta kabla hajaitambua sura. Alilifuma mwenyewe, la bluu, mkono wa kushoto ukazidi wa kulia kwa vidole viwili.

"Nani kakupa hii?"

"Iko kwenye simu ya kila mtu. Huyo aliyepiga magoti ni Priska, binti wa mama Esnath, mzee wa kanisa. Jumapili kasikia matangazo ya ndoa yetu, yamesomwa majina matatu, akamwambia mama yake, mbona huyu nimetoka kumwekea maua jana? Mama Esnath ameandika pingamizi. Unanisikia? Ameandika barua kwa mchungaji kwamba bibi arusi ni marehemu."

"Ezekieli, kaa kwanza."

"Sikai. Huyu ni wewe?"

"Ni mimi."

"Fidelia wa kwenye wimbo? Wa Odi Baridi?"

"Ndiyo."

Ezekieli akavua kofia, akaikunja, akaivaa tena. Alikuwa mwanaume wa miaka arobaini na nane, mzito wa maneno.

"Mwaka jana nilikaa kwenye kiti hiki hapa," akasema. "Nikakueleza habari ya marehemu mke wangu. Nikakuambia siku tunamzika Lightness kule Ilembula niliomba wapige 'Lala Fidelia', na kwamba miaka minane hii nikizidiwa nausikiliza wimbo ule, nalia, napata nafuu. Nililia mbele yako, mtu mzima. Wewe ulifanya nini?"

"Nilikupa leso."

"Ulinipa leso. Ukanyamaza."

"Ningesema nini, Ezekieli? Kwamba wimbo unaokushika ni uchafu? Niliogopa nitakunyang'anya."

"Ungeniambia, ningeamua mwenyewe. Sasa najiona mjinga. Nimemlilia mke wangu kwa msiba wa uongo, na aliyejua ni mke wangu mtarajiwa, ananitazama tu!"

"Nisamehe."

"Jumapili ni tangazo la tatu," alisema, akachukua simu yake. "Sijui kama nitakuwepo."

Akaondoka. Mafundi wenzake Fidelia walikuwa wamezima cherehani zao zote ili wasikie vizuri.

Sasa, kama kuna mtu bado hamjui huyo Odi Baridi, ngoja nimweleze, japo nikilitaja jina lake mate ya kutema yananijaa mdomoni. Alibatizwa Odilo Mlowe. Masista wa misheni karibu na Njombe ndio waliomfundisha kinanda, wakitumaini atapigia kwaya. Mwaka 2004 akajipatia kinanda chake cha umeme, kile chenye vitufe mia vya sauti na midundo, akaanza kuimba peke yake, bila gitaa, bila ngoma, bila mtu. Watu walimcheka. Walisema muziki gani huu, kama friji imewashwa.

Ni mtu mmoja tu ambaye hakucheka. Fidelia alikuwa na miaka ishirini, anauza masweta ya mitumba, amependa mpaka basi. Walipanga chumba kimoja Njombe, hakina umeme, na kinanda kilikula betri ya gari. Nani alikuwa anaipeleka betri kuchajiwa? Fidelia. Aliibeba kichwani alfajiri na ukungu, anashuka nayo mpaka stendi, jioni anaipandisha tena. Maji ya betri yalimtoboa vitenge viwili, mpaka leo ana kovu dogo nyuma ya sikio.

"Mikono yangu ni ya kinanda, Fide," Odilo alikuwa anamwambia. "Nikibeba mizigo vidole vinakufa."

Na yeye anaamini! Mapenzi bwana.

Mwaka uliofuata mimba yake iliharibika, akalazwa wiki tatu. Odilo alikuja mara moja. Alisimama mlangoni mwa wodi, amejiziba pua kwa skafu.

"Harufu ya humu inanipa kichefuchefu," alisema. "Kesho nitakuja tukae vizuri."

Kesho yake alikuwa kwenye basi la Dar es Salaam.

Wiki ya tatu, Fidelia ameketi kitandani anakunywa uji, muuguzi akaongeza sauti ya redio. Kinanda kikaanza, noti nne za juu, zinapanda na kushuka. Kisha sauti ile anayoijua, laini, inalia:

*Lala Fidelia, lala,*
*baridi ya Njombe isikuguse,*
*nimekufunika udongo kwa mikono yangu.*

Mtangazaji akaeleza kwamba kijana huyu amempoteza mchumba wake, amefia mikononi mwake, na wimbo aliutunga kaburini. Muuguzi alikuwa anajifuta machozi kwa aproni.

"Masikini," akamwambia Fidelia. "Alikuwa na jina kama lako."

Fidelia aliurudisha uji wote kwenye bakuli. Tangu siku ile uji wa ulezi haumpiti kooni.

Mama yake alimpokea nyumbani Igwachanya. Akamwambia, mwanangu, nyamaza, mtu aliyekuzika hatakufuata tena, shukuru. Akanyamaza. Akajifunza kushona, akahamia Makambako, akapanga nyumba Mahongole, akaitwa Fide wa Cherehani. Kina Fidelia ni wengi mkoa huu, nani angemshuku?

Odi akapaa. Albamu, tuzo, ziara, miwani myeusi ya ndani ya nyumba. Nyimbo zake nyingine zilivuma zikafa, nani anazikumbuka? Lakini ule mmoja haukufa. Ukapigwa harusini, ukapigwa msibani, saluni, baa, kwenye mabasi ya Songea. Vijana wakauchukua wakauongezea kasi, watoto ambao hawakuwa wamezaliwa wakaucheza mtandaoni. Na katika kila mahojiano kifo kilinoga. Kwanza nilikufa kwa malaria, Fidelia alikuwa akijisemea. Baadaye kwa ajali. Mwaka wa kumi nikafa nikimwita jina, nimeshika kidole chake cha kinanda.

Sasa imetimia miaka ishirini na Odi Baridi ameamua kuwapa mashabiki kaburi.

Alhamisi, Fidelia aliitwa ofisini kwa mchungaji. Mchungaji Stanley alikuwa na barua mezani, anaitazama kama mtu aliyepewa samaki na hajui kama ameoza.

"Kaa, mama. Nimepokea pingamizi dhidi ya ndoa yenu."

"Nimesikia, Mchungaji."

"Nimehudumu miaka kumi na tisa. Nimepokea pingamizi za wake waliofichwa, za watoto, za undugu. Hii sijawahi." Akakohoa. "Mama Esnath anaomba kujua kama unayetaka kuolewa ni Fidelia, au ni mtu anayetumia jina la marehemu. Na kuna maneno mengine sitayasoma."

"Yasome."

"Anauliza kama ni msukule."

Fidelia akanyoosha mkono juu ya meza.

"Nishike, Mchungaji. Msukule ana joto hivi?"

"Mimi sina shaka nawe, mama. Lakini sokoni wanasema Mwalongo anaoa msukule, na washarika wananiuliza. Siwezi kulisoma tangazo la tatu juu ya kaburi lenye picha yako. Umeleta cheti cha kuzaliwa, sawa. Lakini mtu ametangaza mbele ya taifa kwamba umekufa. Aliyekuzika ndiye aje akufufue, tena mbele za watu. Kuna njia nyingine?"

"Hakuna."

"Na Bwana Ezekieli?"

Fidelia akatazama simu yake. Alikuwa amempigia mara sita, simu inaita mpaka inakata.

Namba ya Odi aliipata kwenye bango lililobandikwa ukutani stendi: JUMAMOSI SAA NANE MCHANA, NJOMBE. MIAKA ISHIRINI YA MACHOZI. NJOO TUMLILIE KABURINI. Alipokea mtu aliyejitambulisha kama Patrick, meneja.

"Mwambie Odilo ni Fidelia."

"Dada, mashabiki wote wanaitwa Fidelia siku hizi."

"Mwambie ni yule wa betri."

Kisha miguu inatembea, mlango unafungwa, na ile sauti laini.

"Fide? Mungu wangu. Niliambiwa uliolewa Msumbiji."

"Nipo Makambako, kilomita sitini tu kutoka hapo. Umenijengea kaburi, Odilo?"

"Usilichukulie vibaya. Ni sanaa. Ni heshima. Unajua ni watu wangapi wanakupenda?"

"Nataka kuolewa. Kanisa limekataa kwa sababu yako. Jumamosi, mbele ya watu wako, sema niko hai. Sentensi moja. Halafu imba unavyotaka mpaka ufe."

"Fide, sikiliza. Nikisema hivyo nimekwisha. Ila kuna njia. Sema wewe ni mdogo wake."

"Mdogo wa nani?"

"Wa marehemu. Tutasema wazazi waliwapa jina moja. Hata tunaweza kukupandisha jukwaani, unalia kidogo, watu watapenda. Pacha! Pacha ni nzuri zaidi. Meneja, andika hiyo."

Fidelia aliitoa simu sikioni akaitazama, kisha akaifuta kwa upindo wa kitenge kabla ya kuirudisha.

"Ulijuaje nitanyamaza miaka yote hii?"

"Kwa sababu wewe ni mtu mwema," alisema, na alikuwa anamaanisha. "Ulikuwa unabeba tu, Fide. Hukuwahi kulalamika."

Fidelia akakata. Dakika tano baadaye ukaja ujumbe: "Usije Jmosi. Nakupenda bado, ndio maana siwezi kuona watu wakikudharau. Acha tubaki na kumbukumbu nzuri."

Fidelia aliusoma mara mbili. Kisha akamwandikia Ezekieli: "Jumamosi naenda Njombe kwenye hilo kaburi. Sikuombi unisamehe kwanza. Nataka tu usikie kwa masikio yako."

Alama mbili za bluu, ameusoma.

Jumamosi Njombe iliamka na ukungu na haikuutoa. Kaburi lilikuwa kwenye shamba la familia ya Odi, nje kidogo ya mji, chini ya mikaratusi. Magari yalipangwa mpaka barabarani. Wanawake mamia, fulana nyeusi juu ya masweta, na kifuani pa kila mmoja sura ya Fidelia wa miaka ishirini na moja. Alipita katikati yao akiwa na futi yake ya ushonaji shingoni, alisahau kuivua. Nyuso zake zilimtazama kutoka kila kifua.

Mbele, karibu na vigae, Odi alikuwa amevaa koti refu jeupe na miwani yake. Nywele amezipaka rangi. Mbele yake kinanda, chini ya kinanda betri ya gari, kubwa, imeunganishwa kwa vibano viwili. Patrick alikuwa anaeleza kwenye kipaza sauti kwamba kwa heshima ya marehemu, leo Odi atapiga kama zamani, kwa betri, "ile ile betri ambayo Odi alikuwa akiibeba kichwani kila asubuhi ili ampigie mpenzi wake."

Watu wakasema, "Oooh."

"Aliyebeba ni nani?" Fidelia akasema kwa sauti.

Wachache wakageuka. Odi hakusikia, au alijifanya. Akashika kipaza sauti.

"Alifia hapa," akasema, akajigusa mkono. "Maneno yake ya mwisho alisema, Odi, usiache kuimba."

"Maneno yangu ya mwisho niliomba uniletee sabuni," Fidelia alisema, na safari hii alikuwa amefika mbele. "Hukuleta."

Akasimama pembeni ya msalaba, uso wake kando ya picha. Miaka arobaini na moja kando ya ishirini na moja, lakini kidevu ni kile kile, na kovu la utotoni kwenye nyusi lile lile. Mtu mmoja akapiga yowe. Mwingine akasema, "Msukule!" na mstari wa mbele ukarudi nyuma kama hatua tatu, wanakanyagana.

"Mimi ni Fidelia Yoramu Mtewele," akasema. "Sijafa. Niliharibikiwa mimba ya huyu, akanikimbia wodini kwa sababu ya harufu. Odilo, humu ndani umemzika nani?"

"Huyu mama ana matatizo," Odi alisema kwa upole, tena kwenye kipaza sauti. "Tumuombee. Kila mwaka tunawapata. Ni pacha wa…"

"Nimekuuliza, humu kuna nini?"

Hakujibu yeye. Alijibu mzee mwenye koti la mvua, aliyekuwa amesimama na ndoo ya saruji, fundi Valeriani aliyejenga kaburi mwezi uliopita. Alikuwa ametoa kofia kwa heshima ya msiba, na alikuwa na hofu.

"Mama, kuna mgomba."

"Nini?"

"Mgomba, mama. Bwana Odi aliniambia mwili ulipotea siku nyingi, haukuonekana. Na kwa desturi mtu akipotea mwili tunamzikia mgomba, ili apumzike. Nikaukata mimi mwenyewe, nikaupima urefu wa mtu. Yeye akaleta sweta, la bluu, tukauvisha. Mkono mmoja ulikuwa mrefu." Mzee akamtazama Fidelia usoni. "Nisamehe, mama. Nilisali kabisa. Nilidhani nazika kweli."

Fidelia akavitazama vile vigae. Aliliacha sweta lile msumarini siku anapelekwa hospitali. Miaka ishirini mtu huyu alikuwa amelitunza, hakumtunza aliyelivaa, na sasa limevishwa mgomba unaooza chini ya vigae. Akatapika. Pale pale, juu ya maandishi ya dhahabu, mbele ya watu na simu zao.

Ungedhani hapo mambo yamekwisha. Ungedhani watu watamrukia Odi. Hata mimi ningedhani hivyo.

Odi akaweka vidole kwenye kinanda. Noti nne za juu, zinapanda na kushuka. Akaanza kuimba.

*Lala Fidelia, lala…*

Na wao wakaitikia. Si wote, lakini wengi, kwanza polepole, kisha kwa nguvu, macho yamefumbwa, mikono juu, wanamwimbia alale mtu aliyesimama mbele yao anajifuta mdomo. Mwanamke mmoja wa makamo, anatiririkwa na machozi, akamsogelea akamshika bega, tena kwa huruma.

"Mama," akamwambia, "mwanangu nilimzika na wimbo huu. Si ungekaa kimya tu? Ungetuachia."

Fidelia hakumchukia yule. Alimwelewa, maana hayo hayo ndiyo aliyomfanyia Ezekieli kwa kumpa leso. Ila alimtazama Odi. Odi alikuwa anatabasamu chini ya miwani, anampa Patrick ishara aongeze sauti. Alikuwa anafurahi! Alijua wimbo una nguvu kuliko yeye aliye hai. Mtu huyo ndiye niliyemtobolea vitenge, Fidelia aliwaza, na akajionea kinyaa hata yeye mwenyewe kwa ule mwaka mmoja aliompenda.

Akapiga magoti. Watu walidhani ameshindwa, anakuja kujiombea kaburini, wakaimba zaidi. Akaweka futi yake chini, akavua kilemba, akakisokota ngata. Kisha akaingiza mkono chini ya kinanda, akang'oa kibano cha kwanza. Akang'oa cha pili.

Kinanda kikakata katikati ya neno.

Sauti ya Odi ikabaki peke yake, bila mashine ya kuinyoosha. Jamani! Ilikuwa nyembamba, imechakaa, inatafuta noti haiioni. Aliimba maneno matatu hivyo, watu wote wakasikia, kisha akanyamaza.

"Fide, rudisha," alinong'ona. "Fide, tafadhali. Watu wananitazama."

"Beba mwenyewe."

"Vidole vyangu…"

"Vikifa, vizike. Unajua kuzika."

Akaiinua betri, akajitwika kichwani juu ya ngata kana kwamba aliishusha jana tu, akageuka akaondoka nayo. Umati ulimpisha njia. Nyuma yake hakuna aliyeimba. Alisikia Patrick anamfokea fundi, na fundi Valeriani anajibu kwamba yeye vigae vyake anavibomoa leo leo, hawezi kulala na dhambi hii.

Alikuwa amefika kwenye magari alipoona kofia ya sufu.

"Ni nzito," Ezekieli akasema.

"Najua uzito wake."

"Nipe."

"Umefika saa ngapi?"

"Kabla yako. Nilisimama nyuma." Aliipokea betri kwa mikono miwili, akaikumbatia kifuani. "Nilikuja kuona kama naweza kumlilia Lightness kwa wimbo huu mara ya mwisho. Alipoanza kuimba, na wewe umesimama pale, umetapika, nikafungua mdomo. Wimbo haukutoka."

"Nimekuharibia."

"Umenichelewesha. Ungeniharibia kama ningeujua ukweli siku nina miaka themanini." Akamtazama usoni. "Fidelia, usinipe leso tena. Nikikosea, nikiwa mjinga, niambie usoni. Unaweza?"

"Naweza."

"Haya, tuanze sasa hivi. Kuna jambo unataka kuniambia?"

Fidelia alifikiri.

"Hiyo betri itakutoboa koti."

Ezekieli akacheka. Alicheka mpaka ikabidi aitue chini. Waliiacha mlangoni kwa mwenyekiti wa mtaa, na karatasi: "Mali ya Odi Baridi. Aje kuibeba."

Jumapili kanisa lilijaa mpaka nje, wengine hata si washarika. Mchungaji Stanley akasoma tangazo la tatu: Ezekieli Mwalongo wa Ilembula na Fidelia Yoramu Mtewele wa Mahongole. Akauliza mwenye pingamizi. Mama Esnath akainuka, kitambaa cheupe kichwani, na Priska pembeni yake anatazama sakafu.

"Mchungaji, naondoa barua yangu. Jana nilikuwepo." Akamgeukia Fidelia. "Nimemwona anatapika. Maiti haitapiki. Mama, nisamehe."

Kanisa zima likaangua kicheko, na Fidelia akacheka kwanza kuliko wote, kisha akalia.

Wakafunga ndoa wiki mbili baadaye. Mshereheshaji alionywa mara tatu kuhusu nyimbo. Siku ile ile, keki haijakatwa, ukaingia ujumbe kutoka kwa Patrick: "Hongera dada. Odi ametoa wimbo mpya, 'Fidelia Amka'. Umesikilizwa kuliko nyimbo zake zote. Anaomba picha moja ya harusi aweke kwenye video."

Ndiyo, ndivyo ilivyokuwa. Mlidhani kafilisika? Watu kama hao hawafi. Vigae vilibomolewa, mgomba ukatupwa shimoni na sweta lake, na yeye akageuza aibu ile kuwa wimbo, watu wakaununua. Ptuu.

Fidelia alimpa mumewe simu asome. Ezekieli alisoma, akaandika kwa kidole kimoja, akamrudishia aone kabla hajatuma: "Mke wangu anakula." Akatuma.

Asubuhi yake Fidelia aliamka mapema kule Ilembula, akavaa kitenge cha shambani, akaomba jembe.

"La nini, mama? Jana tu umeolewa," Ezekieli akauliza.

"Nipeleke kwa Lightness."

Kaburi halikuwa na vigae. Lilikuwa na msalaba wa mbao ulioinama, jina limefifia, na majani yamepanda mpaka magotini, kwa sababu miaka minane mume alikuwa anamlilia kwa wimbo kwenye simu. Fidelia akainama akaanza kung'oa. Ezekieli alisimama kwa muda, kisha akaupiga msalaba nyundo mpaka ukasimama wima, akapiga magoti.

Bodaboda ilipita barabarani imefungulia redio. Noti nne za juu, zinapanda na kushuka. Ezekieli akainua kichwa.

"Acha ipite," Fidelia akasema.

Ikapita. Ndipo Ezekieli akalia, bila wimbo wowote, kwa sauti mbaya ya mtu mzima anayelia kweli, na Fidelia hakumpa leso. Aliendelea kupalilia kaburi la mwenzake mpaka udongo ukaonekana.